Jicho la Kompyuta na Muhogo wa Gando

Katika neema ambazo Mwenyezi Mungu amewajaalia watu wa pwani yetu, muhogo ni neema isiyopewa haki yake. Karafuu za Pemba zimesifiwa duniani kote, na wafanyabiashara wamezifuata kwa majahazi na kwa meli tangu zama za babu zetu. Lakini karafuu haitiwi chunguni ikashibisha watoto. Muhogo ndio unaochemshwa asubuhi ukaliwa na chai, ndio unaopikwa kwa nazi mchana, na jua la Ramadhani likizama ndio unaotangulia katika sinia ya futari. Majani yake ni kisamvu, na mabua yake ni mbegu ya mwakani. Mti mmoja huu una chakula juu na chakula chini.

Gando iko upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa cha Pemba, katika wilaya ya Wete. Mwenye konde la muhogo huko, kama mwenzake wa Micheweni au wa Mkoani, huungoja muhogo wake karibu mwaka mzima. Katika muda huo haoni anachokilea, kwa kuwa chakula chenyewe kimo ndani ya ardhi. Huona majani tu, na kwa majani hayo hukisia yaliyo chini. Basi makala hii inataka kuzungumza juu ya ukisio huo, na juu ya elimu mpya inayojaribu kuugeuza ukisio uwe kipimo. Tutaeleza elimu hiyo ni nini, imefika wapi katika nchi zetu, inaweza nini na haiwezi nini. Tena tutaeleza kwa nini inamhusu mtu ambaye hajapata kuigusa kompyuta maishani mwake.

UGONJWA UNAOJIFICHA

Muhogo una maradhi mengi, lakini mawili ndiyo makubwa katika Afrika ya Mashariki.

La kwanza ni batobato. Hili halifichiki sana. Majani machanga ya juu hujikunja, hutiwa mabaka ya kijani na manjano, na mti ukapungua kimo. Mkulima hata akiwa mgeni wa kazi hutambua ya kuwa mti wake hauna raha.

La pili ni michirizi ya kahawia, nalo ndilo lenye hila. Mtaalamu aitwaye Storey, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, ndiye aliyelieleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitaalamu, mwaka 1936. Mwaka 1950 mwenzake aitwaye Nichols alieleza ya kuwa makao yake ni nyanda za chini, khasa mwambao wa pwani. Kwa miaka mingi watu walidhani ya kuwa halipandi nchi za juu. Kumbe sivyo, tangu mwaka 2004 lilianza kuenea sana Uganda na katika nchi za maziwa makuu. Husababishwa na virusi vya aina mbili, na huchukuliwa kutoka mti hata mti na nzi weupe wadogo wakaao chini ya majani.

Hila yake ni hii: mti wenye ugonjwa huo huweza kusimama mrefu na wenye majani mapana, kana kwamba hauna neno. Dalili zake hazianzii kwenye majani machanga yanayotazamwa na kila apitaye. Huanzia kwenye majani makubwa ya chini, pale pembeni ya mishipa ya jani, ambapo rangi ya manjano hujitawanya kidogo kidogo. Mtu huona akasema, "Jani limezeeka." Kisha siku ya kung'oa huja na jembe, akaupasua muhogo, akaukuta ndani una madoa ya kahawia, mkavu na mgumu kama kizibo cha chupa. Hauliwi wala hauuziki, na hata kuusaga unga haufai. Kazi ya miezi kumi au kumi na miwili imekwenda na maji, na watoto wanangoja chakula.

KIPANDO HAKINA USHAHIDI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha maneno yetu.

Muhogo hatuupandi kwa punje kama mpunga au mahindi. Tunakata bua tukalifanya vipando, tukavitia ardhini. Kwa hivyo mti mpya si mtoto wa mti wa zamani. Ni mti ule ule umeendelea kuishi katika shimo jingine. Kama ule wa kwanza ulikuwa na virusi, na huu wa pili unavyo tangu siku ya kupandwa, kabla hajaugusa nzi hata mmoja.

Na desturi yetu katika kupeana vipando ni desturi njema. Jirani hamwuzii jirani, humwambia, "Njoo ukate." Mjomba wa Wete humpelekea mpwawe wa Gando mzigo wa mabua, na anayerudi safari ya Unguja au ya bara hufunga machache akayatia katika mizigo yake, kwa kuwa amesikia ya kuwa aina ile ni tamu. Huu ni wema, wala hapana anayeulaumu. Lakini tufanye hisabu. Mtu mmoja akiwagawia watu watatu vipando vya mti mgonjwa, na msimu ujao kila mmoja wao akawagawia watatu wengine, na hao vilevile, basi katika misimu mitatu makonde 27 mapya yametiwa maradhi mwaka wa tatu peke yake, na jumla yake ni 39. Nzi mweupe hauchukui ugonjwa huu mbali. Aubebaye kutoka kijiji hata kijiji na kuuvusha bahari ni binaadamu, tena kwa nia safi.

Tena tazama, ndugu msomaji: bua likikatwa huondolewa majani. Mizizi nayo hubaki shambani au huenda jikoni. Kinachopokewa na jirani ni kijiti kikavu kisichokuwa na jani wala mzizi. Dalili za ugonjwa zinazotegemewa zaidi ziko kwenye jani na kwenye mzizi, navyo vyote viwili vimebaki kwa mwenye kutoa. Hata katika siku za kiangazi, mti ukiwa bado umesimama, majani ya chini yenye dalili huweza kuwa yamekwisha kupukutika, na ushahidi umekwenda nayo. Basi mpokeaji, hata awe na macho makali namna gani, hana la kutazama la kutegemewa. Aliyeuona mti ukiwa na majani yake na mizizi yake ni mtoaji peke yake, na amana iko shingoni mwake.

Wasomaji wetu wanaijua khabari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya fungu la chakula, akakuta chini yake kumelowa na hali juu kumekauka, na akamkemea mwenye kukiuza kwa kuificha ile aibu. Watu wa sharia wamejenga juu ya mafunzo kama hayo wajibu wa muuzaji kuibainisha kasoro ya mali yake. Lakini mtu hawezi kuibainisha kasoro asiyoijua. Kwa sababu hiyo, kujifunza kuitambua kasoro kunaingia katika jambo hili, na hapo ndipo kompyuta inapoingia katika khabari ya muhogo.

KOMPYUTA HULIONAJE JANI?

Elimu tunayoizungumza ni elimu ya kupima sifa za mimea kwa vihisi na kwa hisabu za kompyuta. Sifa za mmea ni kama urefu wake, upana wa majani, rangi yake, ukubwa wa mizizi, wingi wa unga ndani yake, na uwezo wake wa kustahimili maradhi. Zamani sifa hizi zilipimwa kwa jicho, kwa kamba na kwa mizani. Sasa zinapimwa pia kwa vihisi, yaani vyombo vinavyopokea mwanga, joto au mawimbi na kuvigeuza kuwa tarakimu. Kamera ya simu ni kihisi kimojawapo.

Asili ya mambo haya si ngeni kwa watu wa dini yetu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri karne ya 11, alibainisha katika kitabu chake cha elimu ya kuona ya kuwa jicho huona kwa mwanga unaotoka kwenye kitu ukaingia jichoni, na kila kamera imejengwa juu ya jambo hilo. Na utaratibu wa hisabu unaofuatwa na kompyuta huitwa algorithimu, neno lililotokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanahisabu wa Baghdad wa karne ya 9.

Kompyuta hailioni jani kama tunavyoliona sisi. Picha kwake ni safu za nukta ndogo mno, na kila nukta ina tarakimu tatu: kiasi cha wekundu, kiasi cha ukijani na kiasi cha ubuluu. Mafundi huipa maelfu ya picha ambazo wataalamu wamekwisha kuzitaja majina: hii ni batobato, hii ni michirizi ya kahawia, hii ni kazi ya utitiri, hili ni jani zima. Kompyuta hujaribu kubahatisha jina la kila picha. Ikikosea, hurekebisha hisabu zake kidogo. Hujaribu tena na tena, mpaka makosa yakapungua. Hisabu hizo zilizokwisha kutengenea huitwa modeli. Kisha hupewa picha ambazo haijapata kuziona, ili ijulikane kama imejifunza kweli au imekariri tu. Kila mwalimu wa chuo anaijua tofauti ya mwanafunzi wa namna ya kwanza na wa namna ya pili.

Jambo hili lilifanywa karibu nasi. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na wale wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, IITA, walitoa khabari ya modeli waliyoifundisha kwa picha 2,756 za majani ya muhogo. Picha hizo zilipigwa kwa kamera ya kawaida katika mashamba ya majaribio ya IITA nje ya Bagamoyo, ng'ambo ya pili ya maji kutoka Unguja. Modeli hiyo ilipopewa picha ngeni ilitambua sawasawa 93 katika kila 100. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana programu ya simu iliyopewa jina la Kiswahili, Nuru, kwa kushirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Mkulima huielekeza simu kwenye jani, nayo ikamwambia inaloliona, bila ya kuhitaji mtandao wa intaneti pale shambani.

CHOMBO NACHO KITIWE MIZANINI

Pengine msomaji atasema, "Kama hutambua 93 katika 100, basi kazi imekwisha." La, haijakwisha, na wataalamu wenyewe ndio waliosema hivyo.

Modeli ile ilipotolewa katika picha zilizochaguliwa ikapelekwa kwenye mashamba yenyewe, penye jua kali, vivuli, upepo na majani yaliyopandana, uwezo wake ulishuka, khasa dalili zikiwa hafifu. Mwaka 2020 ulitolewa utafiti mwingine uliofanywa Afrika ya Mashariki. Nuru, mabwana shamba na wakulima walipewa mtihani wa kutambua dalili za batobato, za michirizi ya kahawia na za utitiri wa kijani. Nuru ilipata 65 katika 100. Mabwana shamba walipata kati ya 40 na 58. Wakulima walipata kati ya 18 na 31.

Tarakimu hizi zataka kusomwa kwa insafu. Hazisemi ya kuwa mkulima ni mjinga. Mzee aliyelima miaka arubaini anajua ardhi yake, mvua zake na tabia ya kila aina ya muhogo alionao; mambo hayo hayakuwamo katika mtihani ule. Zinasema tu ya kuwa dalili za maradhi haya zinafanana mno, hata jicho lenye uzoefu huteleza. Wala hazisemi ya kuwa simu inajua kila kitu. Chombo kinachopata 65 hukosa 35, na kukosa huko huweza kuwa ndiko kunakoangukia konde lako.

Lakini katika utafiti ule ule mna funzo lenye faida kubwa. Walipotazama majani sita ya mti mmoja badala ya jani moja, uwezo wa Nuru ulipanda ukawa kati ya 74 na 88 katika 100. Chombo ni kile kile. Kilichoongezeka ni mashahidi. Na sababu yake si ngumu. Batobato huonekana zaidi kwenye majani machanga ya juu, na michirizi ya kahawia huonekana zaidi kwenye majani makubwa ya chini. Mwenye kutazama jani moja atakuwa ameusikia upande mmoja tu wa kesi. Funzo hili linamfaa hata asiyekuwa na simu: usiuhukumu mti kwa jani moja.

Kuna tahadhari nyingine. Modeli haijui ila ilichoonyeshwa. Picha za Bagamoyo ni za muhogo wa Bagamoyo. Uganda nako Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na kituo cha utafiti cha Namulonge, kilitoa mwaka 2020 picha zaidi ya 21,000 zilizopigwa katika mashamba na kutajwa majina na wataalamu, ili mafundi wa kompyuta wa dunia nzima washindane kutengeneza modeli iliyo bora. Hii ni kazi ya kusifiwa. Lakini Pemba ina mihogo ya namna zake, yenye majani mapana na yenye majani membamba, na mingine imepandwa chini ya kivuli cha minazi na mikarafuu. Kwa hivyo chombo kilichofundishwa kwingine hakina budi kujaribiwa hapa kabla ya kuaminiwa hapa. Na mwenye kulitaja jani gonjwa kuwa ni zima katika picha za kufundishia amelisha kompyuta ushahidi wa uongo, nayo itautoa uongo huo kila siku bila ya kujua.

YALIYO CHINI YA ARDHI NA YALIYO JUU YAKE

Jani ni shahidi, lakini si mzizi wenyewe. Kuna mihogo ambayo majani yake yana dalili na mizizi yake ni salama, na kuna ambayo mizizi yake imeharibika na majani yake hayakusema kitu cha kuelezeka. Kwa sababu hiyo wanaotafuta mbegu zenye kustahimili hawaachi kuipasua mizizi. Huikata vipande vya mviringo na kukipa kila kipande namba, kuanzia 1 kilicho safi hata 5 kilichoharibika kabisa. Shida ni ya kuwa watu wawili huweza kukitazama kipande kimoja, huyu akasema 2 na yule akasema 3. Mwaka 2020 wataalamu wa Makerere walionyesha njia ya kukipiga picha kipande hicho na kuiachia kompyuta ipime ni sehemu gani ya nyama yake iliyoharibika. Hapo hukumu huwa ni moja kwa vipande vyote, asubuhi na jioni, naye mpimaji akiwa amechoka au hakuchoka.

Wengine wametafuta njia ya kuujua mzizi bila ya kuung'oa. Huko Colombia, Amerika ya Kusini, katika utafiti uliotolewa mwaka 2017, walipitisha juu ya udongo chombo kinachopeleka mawimbi ardhini na kuyapokea yanaporudi, wakayatumia kukadiria unene wa mizizi ya muhogo iliyokuwa bado inakua. Tena kuna vyombo vidogo vinavyoumulika muhogo uliopasuliwa kwa mwanga ambao jicho haliuoni, ulio jirani na mwanga mwekundu, na kwa namna mwanga huo unavyorudi hukadiria kiasi cha unga na kiasi cha maji. Mama zetu hulijua jambo hilo baada ya kupika: huu umefumka kwa unga, na huu umebaki na maji. Chombo hulisema kabla ya chungu kutiwa motoni.

Na juu ya ardhi kuna ndege ndogo zisizokuwa na rubani. Hizi si ngeni kwetu. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia walianza kazi ya kuvipiga picha visiwa vyetu kwa ndege hizo, eneo la zaidi ya kilomita mraba 2,300, Unguja na Pemba, na vijana wa chuo wakiwa miongoni mwa waliozirusha. Kazi ile ilikusudiwa ramani na mipango ya ardhi, wala haikukusudiwa maradhi ya muhogo. Lakini imethibitisha jambo moja: vijana wetu wanaviweza vyombo hivi.

Ndege ya namna hiyo ikitiwa kihisi kinachofaa huweza kupima kimo cha mimea na namna inavyourudisha mwanga. Jani zima huumeza mwanga mwekundu kwa wingi na kuurudisha ule usioonekana. Jani lililodhoofika hubadilisha kipimo hicho. Hata hivyo kipimo hiki husema tu ya kuwa mmea una dhiki. Hakisemi kama dhiki hiyo ni kiu, ni upungufu wa rutuba au ni virusi. Lazima mtu ashuke aende akatazame.

NYUMBA YA MKULIMA IFANYE NINI?

Msomaji wa Gando hana haja ya kungoja vyombo vyote hivyo vimfikie mlangoni. Yapo mambo ambayo elimu hii imekwisha kuyaweka wazi, na ambayo yanaweza kufanywa kwa jicho, kisu na kipande cha kamba.

Kwanza, mbegu ichaguliwe mti ukiwa na majani. Msingoje siku ya kukata. Pitieni konde muhogo ukiwa na miezi michache, mrudie tena kabla ya majani kupukutika, na kila mti mtazame majani ya juu, ya kati na ya chini, yasipungue sita. Mti ulio safi ufungwe kamba. Kazi hii vijana na watoto wanaiweza, na ni somo zuri kuliko masomo mengi.

Pili, mwenye simu yenye programu aitumie pamoja na mzee, wala asiitumie kumbishia mzee. Simu ikisema neno na mzee akasema jingine, mti huo usikatwe mbegu mpaka bwana shamba atazame. Hasara ya kuuacha mti mzima ni ndogo. Hasara ya kuupanda mti mgonjwa ni ya miaka.

Tatu, siku ya kung'oa pasueni mizizi ya miti iliyofungwa kamba, si mmoja tu bali kadhaa katika kila mti. Ikionekana kahawia ndani, kamba ifunguliwe, na mabua ya mti huo yasipandwe wala yasigawiwe. Ule uliofaulu kwa jani na kwa mzizi ndio wenye kustahiki kuwa mbegu.

Nne, miti michanga inayoonyesha dalili mapema ing'olewe kabla haijawa chanzo cha maradhi kwa jirani zake.

Tano, ulizeni khabari za mbegu zilizotolewa na watafiti wetu wenyewe. Mwaka 2007 Zanzibar ilitoa aina nne za muhogo zenye kustahimili michirizi ya kahawia, nazo ni Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Kustahimili si kuwa na kinga kamili, kwa hivyo nazo zitazamwe kama nyingine. Na wenye mashamba ya kuzalishia mbegu za watu wengi wasitosheke na jicho wala simu. Kwa kuwa mti huweza kuwa na virusi bila ya kuonyesha dalili yoyote, na hapo kipimo cha maabara ndicho chenye kauli ya mwisho.

Ama vijana wetu wanaosoma hisabu na elimu ya kompyuta huko Wete, Chake Chake na Unguja, wasidhani ya kuwa elimu yao ni ya maofisini tu. Kisiwa chao kinahitaji picha za muhogo wake, zilizotajwa majina kwa ukweli na watu wanaojua, na modeli zilizojaribiwa katika udongo wake. Kazi hiyo hataifanya mgeni kama atakavyoifanya aliyekula muhogo wa konde lile tangu utotoni.

Ndugu msomaji, vyombo vitabadilika. Simu ya leo itakuwa kitu cha kuchekesha kwa wajukuu zetu. Lakini jambo moja halibadiliki: anayepokea kipando hana la kutazama ila uso wa anayempa. Elimu hii ya vihisi na kompyuta, pamoja na makosa yake yote, imempa mtoaji njia ya kujua zaidi kuliko alivyojua baba yake, na kila ujuzi unapozidi ndipo udhuru unapopungua. Zamani mtu aliweza kusema kwa haki, "Sikujua ya kuwa ni mgonjwa." Leo anaweza kutazama majani sita, akapasua mizizi, akauliza, kisha ndipo akamwambia jirani, "Njoo ukate."

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.